Kihisi cha gesi cha oksidi ya zinki kwa hewa ya Lamu: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa maabara ya sekondari, chuo cha ufundi, au kikundi chenye mwalimu mmoja wa kemia na fundi mmoja wa elektroniki. Ukiufuata utapata kihisi chenye vijiti vya nano vya oksidi ya zinki, vilivyooteshwa ndani ya chupa kwenye sufuria ya maji moto, kitakachoweza kukaa nje mjini Amu, yaani mji wa Lamu, na kutoa namba zenye maana. Kuotesha vijiti ni kazi ya siku moja. Kazi kubwa ni kukizuia kihisi kisidanganywe na mvuke wa maji, chumvi ya bahari na mkojo wa punda. Ndiyo maana sehemu ya unyevu hapa chini ni ndefu kuliko sehemu nyingi za kemia.

Kinachopimika na kisichopimika

Kihisi hiki hakipimi uchafuzi. Kinapima ukinzani wa umeme, basi. Kuubadilisha ukinzani huo kuwa habari kuhusu hewa ni juu yako. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya: nitrojeni dioksidi isizidi wastani wa mikrogramu 25 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na kaboni monoksidi isizidi miligramu 4. Cha kwanza ni kama sehemu 13 kwa bilioni, cha pili ni kama ppm 3.5, yaani sehemu kwa milioni. Kihisi cha kutengenezwa mkononi hakifai kusema kama mtaa umevuka viwango hivyo. Kinafaa kuonyesha saa ngapi moshi unaingia, unatoka upande gani upepo ukigeuka, na tofauti kati ya gati na uchochoro wa ndani. Kama mji hauna kumbukumbu ya aina hiyo, si haba.

Kuna mengine mawili ya kujua mapema. Moshi wa taka hudhuru zaidi kwa chembechembe zake laini, na oksidi ya zinki haizioni kabisa. Kama hizo ndizo unazotafuta, nunua kihisi cha chembe cha leza ukiweke pembeni. Na kama shida yako ni jiko la mkaa linalowashwa chumbani, usitegemee kifaa hiki kuokoa roho ya mtu. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi chenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 50291, ambacho hulazimika kulia kabla ya dakika 3 kwisha gesi ikifika ppm 300.

Kinavyofanya kazi, kwa ufupi

Oksidi ya zinki ikipashwa joto la nyuzi 200 hadi 350, oksijeni ya hewani hujibandika juu yake na kunyakua elektroni. Ngozi ya kijiti hubaki haina elektroni za kutosha na ukinzani hupanda. Ikipita gesi inayoungua, mfano kaboni monoksidi, mvuke wa spiriti au amonia, hula ile oksijeni, elektroni hurudi, ukinzani hushuka. Nitrojeni dioksidi na ozoni hufanya kinyume: hunyakua elektroni zaidi na ukinzani hupanda. Ngozi iliyoathirika ina unene wa nanomita chache tu, kwa hiyo katika punje nene badiliko hupotea, lakini katika kijiti cha nanomita 50 hadi 100 huwa sehemu kubwa ya mwili wake. Hiyo ndiyo faida yote ya nano. Filamu ya oksidi ya zinki ilitumiwa kuhisi gesi huko Japani tangu 1962. Kilichobadilika tangu hapo ni udogo wa chembe na udogo wa hita.

Mvuke wa maji nao hujibandika hapo hapo, hushusha ukinzani, na huziba nafasi za oksijeni. Kumbuka hilo.

Vifaa

Kwa kundi la vigae vinne hadi sita:

- vigae vya alumina vyenye elektrodi za dhahabu zilizopishana upande wa mbele na hita ya platinamu upande wa nyuma, vikiwa tayari na nyaya nyembamba za platinamu
- nitrati ya zinki yenye maji sita ya fuwele, gramu 0.744
- heksamini, gramu 0.350
- asetati ya zinki yenye maji mawili ya fuwele, gramu 0.110
- ethanoli isiyopungua asilimia 99, asetoni, na maji yaliyokenekwa lita 3
- mizani inayosoma hadi gramu 0.001, kipimajoto, bamba la moto linalofika nyuzi 400, tepi ya polimidi (inayostahimili joto), chupa ya kioo ya mililita 150
- ESP32 (kompyuta ndogo ya bodi), ADS1115 (kisomaji cha volti), INA219 (kipima volti na ampea za hita), BME280 (kipima joto na unyevu wa hewa), saa ya DS3231, kikuza-ishara MCP6002, na kigeuzi cha kushusha volti kinachorekebishika, cha kulisha hita

Vigae vya namna hii huuzwa tayari kwa wanaofanya utafiti wa vihisi. Usijaribu kuvichora mwenyewe kwa wino wa fedha: kwenye joto, unyevu na volti, fedha huhama kutoka elektrodi moja hadi nyingine, na siku moja utaamka ukute mzunguko mfupi.

Kemikali ziagizwe Mombasa au Nairobi kwa hati za shule au chuo. Nitrati ya zinki ni kioksidishaji, haipandi ndege ya Manda kwenye begi la mtu. Ipite barabara hadi Mokowe kisha ivuke kwa boti, ikiwa mbali na heksamini na mbali na petroli. Ikifika, ifunge pamoja na silika jeli. Unga huu hunyonya maji ya hewani, na kwa hewa ya Lamu chupa iliyoachwa wazi hugeuka uji. Uji huo ukiupima kwenye mizani unapima maji, na gramu zako 0.744 si 0.744 tena. Fungua, pima, funga. Chumba chenye AC kikipatikana, fanyia humo.

Kusafisha na kupanda mbegu

Loweka vigae kwenye asetoni dakika 10, kisha ethanoli dakika 10, kisha maji yaliyokenekwa dakika 10. Kausha kwa nyuzi 100. Kuanzia hapa shika kwa kibano tu, kwenye kingo. Mafuta ya kidole huacha doa ambalo mbegu haishiki, na utaliona baadaye kama kipara kwenye filamu.

Yeyusha gramu 0.110 za asetati ya zinki kwenye mililita 100 za ethanoli. Pasha kwa kuweka chupa ndani ya maji ya nyuzi 60, pasipo mwali wowote karibu, ukikoroga dakika 30 hadi iwe angavu. Ikibaki na ukungu, ethanoli yako ina maji mengi.

Dondosha tone moja kwenye uso wenye elektrodi, hesabu sekunde 10, suuza kwa ethanoli safi, puliza pakauke. Rudia mara tano. Kisha weka kigae kwenye bamba la moto nyuzi 350 kwa dakika 20, ukikifunika kwa kikofia cha foili ili uso wa juu nao upate joto. Asetati huvunjika na kuacha punje ndogo mno za oksidi ya zinki. Hakuna kitakachoonekana kwa macho, na usiongeze matone ukidhani hayajashika: mbegu zikiwa nene, vijiti huota vimebanana na kuungana, gesi haipiti katikati yao.

Kuotesha vijiti

Funika nyuma ya kigae, penye hita na miguu yake, kwa tepi ya polimidi. Ukisahau, oksidi itaota juu ya miguu ya hita na mguso wa umeme utakuwa mbovu.

Yeyusha nitrati kwenye mililita 50 za maji yaliyokenekwa na heksamini kwenye mililita 50 nyingine, kisha changanya. Kwa vipimo hivi kila moja inakuwa milimoli 25 kwa lita. Usitumie maji ya bomba. Maji ya mji hutoka visima vya machuga (vilima vya mchanga) ya Shela na yana chumvi na chokaa. Yanafaa kwa chai, hapa yatabadilisha umbo la vijiti na kuacha kloridi ndani ya filamu.

Kigae kiingie kikiwa kimeinamisha uso chini, kwa mshazari, kikiegemea ukuta wa chupa. Hili si pambo. Wakati vijiti vinaota kwenye mbegu, oksidi nyingine hujitengeneza ndani ya maji na kuanguka chini taratibu. Uso ukitazama juu, utapokea mvua ya punje kubwa zisizoshika, na kihisi kitakuwa kinasoma zile punje badala ya vijiti.

Ziba chupa kwa kifuniko kisichokazwa sana, iweke kwenye sufuria ya maji, na shikilia maji ya ndani ya chupa kwenye nyuzi 90 kwa saa 3. Muda uanze kuhesabiwa chupa yenyewe ikifika 90, si sufuria. Jiko la umeme au la gesi lenye mwali mdogo hufaa. La mkaa hupandisha na kushusha mno. Ndani ya saa ya kwanza maji yataanza kuwa meupe. Yakibaki angavu hadi saa nzima, joto halijafika. Yakichemka kabisa, mapovu hung'oa filamu.

Baada ya saa 3 hadi 4 zinki iliyoyeyuka huwa imepungua sana, kwa hiyo kuacha usiku kucha hakuleti vijiti virefu. Ncha zake huanza kuliwa upya na maji yenyewe. Ukitaka virefu, toa kigae, suuza, kiingize kwenye mchanganyiko mpya kwa saa 3 nyingine. Kwa gesi za mtaani mzunguko mmoja unatosha.

Suuza kwa maji yaliyokenekwa mara tatu, kausha kwa nyuzi 80, ondoa tepi, kisha choma kwa nyuzi 350 saa moja ili mabaki ya heksamini yaondoke. Uso mzuri una ukungu mweupe ulio sawa kila mahali na haung'oki ukipulizwa.

Maji yaliyobaki yana zinki, na zinki ni sumu kwa viumbe wa baharini. Mitaro ya Lamu huishia baharini, kwa hiyo usimwage humo. Ongeza magadi yaliyoyeyushwa kidogo kidogo hadi karatasi ya pH isome karibu 9, acha usiku kucha, mimina maji ya juu, na utope mweupe uuweke kwenye chupa ya taka za kemia.

Kuhakiki bila darubini ya elektroni

Darubini ya shule haitaonyesha vijiti. Ni vyembamba kuliko mawimbi ya mwanga. Kuna jaribio rahisi zaidi. Unganisha multimita kwenye elektrodi, kigae kikiwa baridi na gizani, kisha kimulike kwa taa ya kukagulia noti bandia iliyopo kwenye duka lolote la kutuma na kutoa pesa. Chagua inayotoa mwanga wa nanomita 365, kwa kuwa oksidi ya zinki huanza kunyonya mwanga kwenye nanomita 368 hivi. Ukinzani utaporomoka mara kadhaa ndani ya sekunde, na ukizima taa utarudi polepole mno, kwa dakika nyingi. Ukiona hivyo, filamu imeunganisha elektrodi na ni oksidi ya zinki kweli. Multimita ikionyesha mzunguko uliokatika muda wote, kwanza pasha kigae: ukinzani baridi huweza kupita uwezo wa multimita ya bei nafuu. Jaribio hilo hilo linakufundisha kwamba kihisi lazima kikae gizani. Jua likikipiga kupitia tundu la boksi, utaona "uchafuzi" kila adhuhuri.

Hita na kuning'iniza kigae

Nyaya za kigae zisilehemiwe karibu nacho. Lehemu ya kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 220, na kigae kinafanya kazi kwenye 300. Kitaanguka chenyewe usiku wa kwanza. Kining'inize hewani kwa nyaya zake za platinamu, ulehemu mwisho wa mbali kwenye pini, sentimita moja au zaidi kutoka kwenye kigae. Kisiguse plastiki wala bodi.

Joto la kigae lisome kwa hita yenyewe. Platinamu safi yenye omu 10 kwenye nyuzi 30 itakuwa na omu 12.4 kwenye 100, 15.7 kwenye 200, 19.0 kwenye 300 na 20.6 kwenye 350. Hita za kuchapwa huwa na vioo ndani yake na hupanda pungufu ya hivyo, kwa hiyo usiamini jedwali: weka kigae kwenye oveni ya jikoni pamoja na kipimajoto cha waya, pima omu kwenye 100 na 200, chora mstari wako. INA219 itakupa volti na ampea. Gawanya upate omu. Pima volti kwenye pini za kigae, si kwenye kigeuzi, la sivyo unahesabu na ukinzani wa kebo.

Anza na volti 1, panda kwa 0.5, ukisubiri dakika 2 kila hatua, hadi omu zionyeshe joto ulilotaka. Kuruka moja kwa moja hupasua alumina.

Ukiweza, weka vigae viwili: kimoja kwenye nyuzi 200, kimoja kwenye 350. Sababu ni moshi wa injini za boti. Ndani yake mna kaboni monoksidi na mabaki ya mafuta yanayoshusha ukinzani, pamoja na nitrojeni dioksidi inayoupandisha. Kigae kimoja huweza kukaa kimya huku hewa imechafuka, kwa kuwa mikono miwili inakivuta pande tofauti. Cha nyuzi 200 huelemea nitrojeni dioksidi, cha 350 huelemea gesi zinazoungua. Wawili hawa wakigombana kwenye chati, kuna injini karibu.

Sakiti ya kusoma

Unganisha kihisi kutoka volti 3.3 hadi kwenye rezista ya kulinganisha, na rezista hiyo hadi ardhini. Soma volti katikati. Ukinzani wa kihisi ni rezista mara (3.3 ÷ volti iliyosomwa − 1). Kwa rezista ya kiloomu 470 na volti 1.1, kihisi kina kiloomu 940. Chagua rezista iliyo karibu na ukinzani wa kihisi kikiwa moto kwenye hewa safi, ambao kwa filamu hizi huweza kuwa makumi ya kiloomu hadi megaomu kadhaa.

Usipeleke volti hiyo moja kwa moja kwenye ESP32, kwani kisomaji chake cha ndani kina kelele na hakipandi kwa mstari ulionyooka. ADS1115 ni nzuri, lakini nayo hunyonya mkondo kidogo, karibu sawa na megaomu 6 kwenda ardhini kwenye kiwango cha volti 4.096, na mbele ya rezista ya megaomu 1 hilo ni kosa linaloonekana. MCP6002 katikati hulimaliza. Anwani za chipu hizi kwenye waya wao wa pamoja wa mawasiliano hazigongani: ADS1115 ni 0x48, INA219 ni 0x40, BME280 ni 0x76 au 0x77.

BME280 iwe kwenye hewa ile ile ya kihisi lakini mbali na joto lake, sentimita 5 hivi, na upande wa chini, kwa kuwa joto hupanda.

Programu isome kila sekunde 5, ichukue namba ya kati ya kila dakika, ihifadhi kwenye kadi: saa, ukinzani ghafi, omu za hita, joto, unyevu. Hifadhi ghafi daima. Marekebisho hufanywa baadaye kwenye kompyuta, na utayabadilisha zaidi ya mara moja.

Kuzeesha

Kiache kikiwaka kwa joto la kazi kwa siku 7 mfululizo kwenye chumba chenye hewa ya kawaida. Siku za kwanza ukinzani utatembea ovyo. Badiliko la siku hadi siku likishuka chini ya asilimia 3, endelea. Umeme ukikatika katikati, usianze upya, lakini tupa masomo ya saa ya kwanza baada ya kurudi: kigae kilichopoa hujaa maji, na maji hayo huchukua muda kuondoka.

Unyevu: hapa ndipo wengi huharibu

Usirekebishe kwa asilimia ya unyevu. Rekebisha kwa gramu za maji kwa mita ya ujazo. Angalia mfano huu wa hali ya kawaida ya Pwani. Mchana nyuzi 30, unyevu asilimia 70: maji ni gramu 21.2. Alfajiri nyuzi 26, asilimia 88: gramu 21.4. Kwa kigae cha nyuzi 300 hewa hizi mbili ni moja, kwa kuwa joto lake halitegemei la nje. Ukitumia asilimia, kompyuta itarekebisha pengo la 18 ambalo halipo, na kila alfajiri utatangaza hewa chafu au safi kuliko ilivyo.

Hesabu yake, T ikiwa joto la hewa kwa nyuzi za Selsiasi: shinikizo la mvuke uliojaa kwa hektopaskali ni 6.112 × e^(17.62T ÷ (243.12 + T)). Zidisha kwa asilimia ya unyevu ÷ 100. Kisha gramu kwa mita ya ujazo ni 216.7 × shinikizo hilo ÷ (T + 273.15).

Sasa pima kihisi chako kinavyoitikia. Chukua boksi la plastiki linalozibika, weka kihisi na feni ndogo ya kompyuta, na bakuli la chumvi iliyoloweshwa hadi iwe tope lenye chembe zisizoyeyuka. Kloridi ya magnesi hushikilia hewa kwenye asilimia 32, chumvi ya kula 75, salfati ya potasiamu 97. Kwa nyuzi 30 hizo ni gramu 10, 23 na 29 hivi. Chumvi ya dukani hufaa, na ya viwanda vya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, ndiyo hiyo hiyo. Kila chumvi iachwe saa 6, na chukua masomo ya saa ya mwisho tu. Soma BME280 pia; hita itakuwa imelipasha boksi, na hesabu ifuate joto lililosomwa.

Chora logi asilia ya ukinzani dhidi ya gramu za maji. Mwinamo wa mstari ndio kizidishi chako. Kwa mfano wa hesabu tu: kiloomu 900 kwenye gramu 10 na kiloomu 600 kwenye gramu 20 hutoa mwinamo wa −0.0405. Ukinzani uliorekebishwa kwa gramu 20 ni ukinzani ghafi × e^(0.0405 × (maji − 20)). Kila kigae kina mwinamo wake, hata vya chupa moja. Urudie zoezi upepo ukigeuka, kusi kwenda kaskazi, kwa kuwa kigae nacho huzeeka.

Jaribio la gesi

Usitengeneze kaboni monoksidi wala nitrojeni dioksidi maabara; zote huua, na bila kabati la kunyonya hewa hakuna njia salama. Tumia ethanoli. Kwenye tangi la kioo la samaki la lita 20 lililozibwa, mikrolita 1 ya ethanoli ikivukiza yote hutoa ppm 21 kwa nyuzi 30. Idondoshe kwa sindano ya mikrolita 10 juu ya kipande cha foili mbele ya feni. Jaribu 1, 2, 5 na 10. Hata ya mwisho, ppm 210, iko mbali kabisa na 33,000 ambapo mvuke wa ethanoli huanza kushika moto. Gawanya ukinzani wa hewa kwa ukinzani wa gesi upate mwitikio. Unapaswa kupanda kila hatua, na kurudi tangi likifunguliwa.

Kisha fanya la amonia, kwa ajili ya punda. Mikrolita 1 ya amonia ya asilimia 25 kwenye lita 20 ni ppm 17 hivi. Chora chati ya mwitikio huo uiweke karibu, utaihitaji.

Kukiweka mtaani

Mahali pazuri ni chini ya daka (kibaraza cha mlangoni chenye paa), mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, ambapo mvua haifiki na mzigo wa punda haugongi. Usikiweke kwenye ukuta unaotoka dirisha la jiko, wala juu ya mahali punda hufungwa. Vituo viwili ni bora kuliko kimoja: kimoja karibu na gati, kingine ndani, nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji. Tofauti kati yao husema zaidi kuliko namba ya chochote kati yao, kwa kuwa hali ya hewa huwapata wote.

Boksi liwe jeupe, matundu yatazame chini, ndani pawe na kizuizi cha mwanga. Mbele ya kihisi weka utando wa PTFE (plastiki ya aina ya tefloni) wenye matundu ya mikromita 1: gesi hupita, chumvi na masizi hubaki nje. Badilisha kila mwezi, na wakati wa kusi kali kwenye ukingo wa bahari kila wiki mbili. Usiongeze mkaa wa kuchujia. Mkaa huo utameza nitrojeni dioksidi kabla haijafika.

Bodi ipakwe vanishi ya akriliki, isiwe ya silikoni. Vivyo hivyo usizibe boksi kwa silikoni ya madirisha ya alumini. Mvuke wake hufika kwenye kigae moto, huungua, na kuacha ngozi ya silika isiyoondoka. Tumia mpira wa kuzibia au gundi ya epoksi iliyokauka kabisa.

Umeme: kigae kinachokula wati 1 pamoja na ESP32 wastani wa wati 0.5 ni wati-saa 36 kwa siku, weka 45 pamoja na upotevu. Paneli ya wati 20 na betri ya volti 12, ampea-saa 18, hubeba siku mbili za mawingu. Usizime hita kuokoa betri.

Na kuwe na daftari. Udi, ubani, marashi ya harusi, rangi ya mashua, kitakasa mikono, yote ni gesi zinazoungua, na kihisi hakijui tofauti kati ya udi na moshi wa taka. Mwenye nyumba aandike saa na kilichotokea. Bila daftari, nusu ya vilele kwenye chati havitakuwa na maelezo.

Kikikataa

Ukinzani unashuka kila usiku na kurudi jua likichomoza, hata baada ya marekebisho: tazama chumvi. Chumvi ya bahari hunyonya maji unyevu ukipita asilimia 75 na kuwa njia ya umeme kati ya pini, sambamba na kihisi chako cha megaomu. Safisha pini na bodi kwa ethanoli, kamwe usiguse kigae, kausha, paka vanishi upya.

Ukinzani umeruka hadi mwisho wa kipimo: waya wa platinamu umekatika, mara nyingi kwa mtikisiko wa usafiri. Hita ikionyesha omu za kawaida, tatizo ni upande wa elektrodi.

Vilele vifupi vya asubuhi, vikali zaidi baada ya mvua: linganisha na chati ya amonia. Kwa kawaida ni samadi.

Ukinzani wa vigae vyote viwili unapanda pamoja mchana wa jua kali bila moshi: mwanga haupandishi ukinzani, huushusha, kwa hiyo fikiria ozoni kwanza.

Mwitikio wa ethanoli umepungua hadi nusu ya ule wa mwanzo: pandisha kigae hadi nyuzi 400 kwa saa 2, kirudishe, pima tena. Kikirudi, kilikuwa na masizi. Kisiporudi, ni silikoni, na hakuna dawa. Chukua kingine kutoka kundi lile lile, ambavyo vinapaswa kuwa vinasubiri kwenye chupa yenye silika jeli, na ukizeeshe siku 7.